Nani Anaandika Ripoti za Bunge la Kaunti?

Kijana wa Kitale na Bungoma, MCA wako unamjua. Je, karani wa kamati yake? Mtafiti? Afisa wa sheria? Hao ndio wanaopokea maoni yako na kuandika ripoti. MCA huja akaenda, wao wanabaki.

Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, kifungu cha 7, inasema wazi: kabila moja lisizidi thuluthi moja ya wafanyakazi wa taasisi ya umma. Sasa Msabaoti, Mteso, Mturkana na Mnubi wako ngazi gani? Usihesabu walinzi na wafagiaji tu, hesabu ofisi za kati.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa haki ya kuuliza, na ofisi ina siku 21 kukujibu. Mwandikie Karani wa Bunge leo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo!