Mkereketwa na Mpita Njia: Mchezo wa Video ni wa Nani?

Kila mwaka ifikapo Desemba, barabara ipandayo kutoka Himo kwenda Mwika hujaa magari yatokayo Dar es Salaam, Arusha na miji mingine. Wachagga waishio mbali hurejea katika vihamba vyao kula Krismasi pamoja na wazee. Siku hizi, pamoja na magunia ya mchele na mifuko ya sukari, baadhi ya familia hupanda mlima na mashine ya michezo ya video, ambayo huunganishwa na televisheni ya sebuleni. Jioni, ng'ombe wakiisha kukatiwa majani, watoto wa mjini na wa kijijini huketi pamoja mbele ya kioo. Haupiti muda mrefu kabla ya ubishi kuzuka. Yule aliyezoea huing'ang'ania pedi, na yule asiyezoea akipewa zamu hushindwa kwa dakika chache, kisha huambiwa kwamba mchezo ule si wake.

Ubishi huo wa sebuleni ni mdogo, lakini ndio huohuo uliowagawanya watengenezaji na wachezaji wa michezo ya video duniani kwa miaka mingi. Upande mmoja wako wakereketwa, yaani watu wanaotumia saa nyingi kuujua mchezo hadi kiini chake. Upande wa pili wako wapita njia, wanaocheza kidogo ili kujiburudisha, kisha huendelea na shughuli zao. Swali linaloulizwa ni hili: mashine itengenezwe kwa ajili ya nani? Swali hili lawahusu walimu na wanafunzi wa sekondari kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu nyuma yake limejificha swali jingine, nalo ni nani anayehesabiwa kuwa anaiweza mashine.

Asili ya ubishi

Michezo ya aina hii haikuanza dukani. Mwaka 1958, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi ulioonekana kwenye kioo cha kifaa cha kupimia umeme, ili wageni waliotembelea maabara wasichoke. Wachezaji wake walikuwa wapita njia kwa maana halisi ya neno. Mwaka 1962 vijana wa chuo cha MIT walikamilisha mchezo wa vita vya angani katika kompyuta iliyokuwa na ukubwa wa makabati kadhaa. Hao walikuwa wakereketwa. Kwa hiyo makundi yote mawili yalikuwapo tangu mwanzo.

Mashine ya kwanza ya kuchezea nyumbani, Magnavox Odyssey, iliuzwa Marekani mwaka 1972. Historia hiyo ya awali iliipita Tanzania Bara kando, kwani mashine hizo zilihitaji televisheni, na matangazo ya televisheni yalianza Bara mwaka 1994 tu, ingawa Zanzibar iliyapata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wengi katika Afrika ya Mashariki walikutana na mchezo wa video kwa mara ya kwanza katika simu ya mkononi: yule nyoka wa Nokia aliyeanza kutambaa mwaka 1997, akirefuka kila alapo. Mwalimu, mkulima na mwanafunzi walimcheza nyoka huyo bila kuulizana nani ni mchezaji wa kweli.

Ubishi ulipamba moto duniani mwaka 2006. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mashine iitwayo Wii. Kwa nguvu za kukokotoa na ubora wa picha, mashine hiyo ilikuwa nyuma ya washindani wake, PlayStation 3 na Xbox 360. Lakini pedi yake ilikuwa na kipima-mchapuko, kifaa kidogo kihisicho mwendo wa mkono. Aliyetaka kupiga tenisi alipunga mkono kama apigaye tenisi. Wazee waliokuwa hawajawahi kushika pedi waliweza kucheza na wajukuu wao. Wakereketwa wengi walilalamika kwamba hicho ni kitu cha kuchezea watoto. Hata hivyo zaidi ya mashine milioni 100 ziliuzwa.

Ilionekana kana kwamba wapita njia wameshinda. Lakini mwaka 2012 kampuni hiyohiyo ilipotoa mrithi wa mashine ile, Wii U, ziliuzwa mashine zipatazo milioni 13 na nusu tu. Miongoni mwa sababu ni kwamba wapita njia wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwenye simu za kisasa, na wakereketwa hawakuvutwa vya kutosha kubaki. Somo ni wazi: aliyejenga juu ya kundi moja tu huachwa mahali pakavu kundi hilo linapohama.

Hoja za pande mbili

Haki yataka kila upande usikilizwe. Mkereketwa husema kwamba yeye ndiye anunuaye mashine ingali ghali, ndiye agunduaye kasoro, na ndiye afundishaye wengine. Husema pia kwamba kazi ndefu na ngumu hazitatungwa tena endapo kila mchezo utalazimika kueleweka kwa dakika moja. Hoja hii ina uzito. Hakuna fani, iwe hisabati au muziki, inayoendelea bila watu wachache wanaoipenda kupita kiasi.

Mpita njia naye hujibu kwamba mchezo usioingilika ni nyumba isiyo na mlango. Husema kwamba wingi wa watu ndio unaopunguza bei, na kwamba mtu mwenye kazi na familia hana hatia kwa kuwa na nusu saa tu ya kucheza. Hoja hii nayo ina uzito.

Yafaa kuongeza jambo ambalo pande zote mbili hulisahau. Michezo mingi ya simu, inayosemwa kuwa ni ya wapita njia, hutolewa bure, kisha humwomba mchezaji fedha kidogo kidogo ili asonge mbele. Mapato yake mengi hutoka kwa wachezaji wachache wasioweza kuacha. Basi hata huo unaoitwa mchezo wa wapita njia huishi kwa mifuko ya wakereketwa. Mpaka kati ya makundi haya hauko pale watu wanapodhani.

Ustadi hutoka wapi?

Kosa kubwa katika ubishi huu ni kudhani kwamba mkereketwa na mpita njia ni watu wa aina mbili kwa maumbile. Jambo hilo laweza kuchunguzwa darasani kwa rula ya sentimita 30. Mwanafunzi mmoja aishike rula kwa ncha ya juu, na mwenzake aweke vidole wazi kwenye alama ya sifuri. Rula iachwe bila taarifa, naye aidake. Ikiwa ameidaka kwenye alama ya sentimita 20, kanuni ya mwanguko huru hutoa muda wa sekunde 0.2 hivi, ikiwa ni sentimita 15, muda ni sekunde 0.17 au zaidi kidogo. Darasa zima likipimwa, huenda tofauti zikawa ndogo kuliko zilivyotarajiwa, na bingwa wa michezo ya video asiwe lazima wa kwanza.

Sasa picha katika mchezo wa kisasa aghalabu hubadilika mara 60 kwa sekunde. Katika sekunde 0.2 ambazo mkono unangoja amri ya ubongo, picha 12 zimekwisha kupita. Ni dhahiri kwamba bingwa hashindi kwa kuona na kutenda haraka tu. Hushinda kwa kujua kabla ni nini kitatokea.

Jambo hili limethibitishwa katika sataranji. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, William Chase na Herbert Simon, waliwaonyesha mabingwa na wanafunzi ubao wa sataranji kwa sekunde chache, kisha wakawataka wapange upya vipande kwa kumbukumbu. Vipande vilipokuwa katika mpango wa mchezo halisi, mabingwa waliwazidi wanafunzi mno. Vilipotawanywa ovyo, tofauti ilikaribia kutoweka. Hii ina maana kwamba bingwa hakuzaliwa na kumbukumbu ya ajabu. Amejaza akili yake mifano ya mipango kwa kucheza muda mrefu.

Kwa hiyo linalomtenga mkereketwa na mpita njia ni muda hasa. Na muda haugawanywi sawa. Katika vijiji vya Mwika kama katika vijiji vingine, kijana wa kiume aliyemaliza masomo ya siku aghalabu aweza kupitia kibanda cha michezo, lakini dada yake anangojwa na maji, majani ya ng'ombe na jiko. Baada ya mwaka mmoja, kaka ataitwa hodari wa mashine na dada ataambiwa kwamba mashine si mambo yake. Saa alizonyimwa zitakuwa zimegeuzwa kuwa upungufu wa akili. Hapo ndipo ubishi wa mchezo unapoacha kuwa mchezo.

Kanuni za kibanda huzidisha hali hiyo. Pale ambapo desturi ni aliyefungwa kumpisha mwingine, mgeni hucheza mechi moja na bingwa hucheza kumi. Mazoezi humwendea asiyeyahitaji, na ahitajiye hutazama.

Hekima ya bao

Hakuna haja ya kwenda Japani kutafuta suluhisho, kwa kuwa liko katika ubao wa mashimo 32 na kete 64. Bao la Kiswahili ni mchezo mgumu sana. Kila mchezaji huanza akiwa na kete 22 mkononi, na katika hatua ya kunamua huziingiza mchezoni moja moja. Iko nyumba yenye sheria zake. Na mtaji mmoja waweza kuzunguka ubao na kuugeuza wote. Fundi wa bao huona mwisho wa mzunguko huo kabla hajaigusa kete. Mtafiti wa Kiholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mafundi wa Zanzibar na mwaka 1995 akakamilisha tasnifu kuhusu ustadi wao.

Lakini juu ya ubao huohuo kuna bao la kujifunza. Kete mbili mbili huwekwa katika kila shimo, zote zikiwa mchezoni tangu mwanzo, na hatua ile ngumu ya kunamua huachwa. Mtoto hujifunza kusambaza, kuhesabu na kula. Akiisha kuyaweza hayo, hahitaji kununua ubao mwingine wala kuhamia baraza jingine; huongezewa sheria tu. Waliotunga bao hawakuuliza kama mchezo ni wa wapita njia au wa wakereketwa. Waliweka mlango mpana na chumba kirefu ndani.

Njia ya Marangu iko vivyo hivyo. Wapo wanaotembea hadi kibanda cha Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, na kurudi siku hiyohiyo. Wapo wanaoendelea hadi Uhuru, mita 5,895. Wote hupita lango moja, na aliyefika Mandara leo aweza kuwa mpandaji wa kesho.

Liko somo jingine kwa vijana wenye nia ya kubuni vifaa. Gunpei Yokoi, mhandisi wa Nintendo, aliamini kwamba kifaa kizuri chaweza kutokana na teknolojia ya zamani, iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, ikitumiwa kwa njia mpya. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na kioo kisicho na rangi, nayo iliwashinda wapinzani wenye vioo vya rangi vilivyomaliza betri kwa saa chache. Mchezo wake mashuhuri, Tetris, hueleweka kwa dakika moja na haumalizwi kwa miaka. Mbunifu wa Moshi asiye na mtaji mkubwa ana la kujifunza hapo.

Wajibu wa shule

Mwalimu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya sebuleni na vibandani. La hasha. Shule nyingi zina kompyuta chache kuliko wanafunzi. Wanafunzi wanne wakiwekwa mbele ya kompyuta moja, mkono wa nani hushika kibodi? Ni wa yule aliyekwisha kuijua. Wengine watatu huangalia, hunakili majibu, na hutoka wakiamini kwamba wao ni wapita njia katika somo hilo. Kanuni ya kibanda imeingia darasani bila mtu kuipitisha.

Dawa yake haihitaji fedha. Iwekwe kanuni kwamba asiyejua ndiye ashikaye kibodi, na ajuaye aeleze kwa maneno tu bila kugusa. Zamu zipimwe kwa saa, wala si kwa ushindi. Mazoezi yawe na ngazi, kama bao la kujifunza linavyotangulia bao la Kiswahili. Mwenye hamu kubwa asizuiwe. Apewe tatizo gumu zaidi, kwa kuwa wakereketwa ndio watakaokuwa wahandisi. Lakini asiachiwe mlango aufunge nyuma yake.

Ubishi wa nani ni mchezaji wa kweli hautaisha duniani, maana una faida kwa wauzaji. Katika sebule ya kihamba Desemba ijayo, hata hivyo, waweza kumalizwa kwa njia rahisi: aliyezoea ampe mgeni pedi, aketi kando, na amweleze.