Jina la Ugonjwa Lisikosewe



Mwenzetu anapopasuliwa uvimbe wa ubongo, tunachanga, tunakwenda kumjulia hali, tunauliza: operesheni imekwendaje? Ni mara chache tunauliza swali la pili: kile kipande kilichotolewa kimepimwa, na ugonjwa unaitwaje? Sisi tunasema swali hilo ni haki ya mfanyakazi. Dawa hufuata jina. Jina likikosewa, na dawa hukosewa.

Tangu zamani daktari wa maabara hutazama kipande hicho kwa hadubini. Ni kazi ya heshima, lakini aina za uvimbe wa ubongo ni nyingi, na zipo zinazofanana machoni ingawa ukali wake si mmoja.

Marobota ya mkonge ghalani hufanana pia; alama iliyopigwa ndiyo inayosema robota limetoka shamba gani. Seli za mwili nazo zina alama. Juu ya DNA, ule uzi unaobeba urithi wetu, hubandikwa vijipande vya kemikali viitwavyo metili. Havibadili maandishi ya urithi, bali husaidia kuamua sehemu ipi isomwe na ipi inyamaze. Mpangilio wake huonyesha asili ya seli, hata ikiwa imekwisha kugeuka saratani.

Mwaka 2018 wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, na wenzao wa nchi nyingine walitangaza kazi yao. Kwa alama za sampuli karibu 2,800 waliifundisha kompyuta kutambua makundi 91. Kisha wakapima wagonjwa 1,104. Kwa 129 kati yao, yaani 12 katika kila mia, jina la ugonjwa lilibadilishwa. Wengine ugonjwa ulikuwa mkali kuliko ulivyodhaniwa. Wengine ulikuwa mpole zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza kipimo hiki katika kitabu chake cha kuainisha uvimbe wa ubongo.

Watasema hayo ni mambo ya matajiri. Kweli, mashine ni ghali, na haziondoi kazi ya daktari. Upo pia uvimbe usiolingana na kundi lolote. Lakini kipande kilichohifadhiwa vizuri katika nta kinaweza kupimwa hata baadaye, tena mbali na hospitali. Kikitupwa, nafasi imepotea.

Basi tunapokaa mezani na mwajiri kuzungumzia matibabu, tusidai kitanda na operesheni tu. Tudai kipande kipimwe, kihifadhiwe, na majibu yatolewe kwa maandishi. Afya ya mfanyakazi si hisani.