Ruwenzori: utulivu wa mlima si usalama

Asubuhi ambapo mawingu yamefunguka, mkaaji wa Mutwanga, katika teritwari ya Beni, anaona vilele vya Ruwenzori akiwa uani kwake. Lakini akitaka kuvipanda, shauri la kumpa leo ni hili: apande gari mpaka Kasindi, avuke mpaka, afike Kasese, alipe dola zake Uganda, kisha aanze kupanda mlima uleule kutokea upande wa pili. Ni shauri linalouma. Hata hivyo ndilo la kweli, na kila mtu anayepanga safari ya mlima mrefu usio na watu wengi anapaswa kulisikia kabla ya kutoa hata franga moja.

Wanaopanga safari ya namna hiyo wapo, na si Wazungu peke yao. Kuna vijana wa Butembo na Bunia wenye kazi, kuna Wakongomani wanaorudi likizo kutoka Ulaya na Canada, kuna wanafunzi wanaochoka kuona inchi yao kwenye picha za wageni. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na tangu mwezi wa kwanza 2025 Goma iko mikononi mwa M23, kwa hiyo volkano ile haiingii tena katika hesabu. Kilimanjaro ni mlima mzuri, lakini makumi ya maelfu ya watu wanaupanda kila mwaka, na katika miezi ya kiangazi msafiri hutembea nyuma ya mgongo wa mwenzake. Inabaki Ruwenzori.

Na Ruwenzori si mlima wa kubahatisha. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, ni cha tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na mlima Kenya, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita hapohapo juu. Mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alikifikia mwaka wa 1906 akitokea upande wa Uganda. Wabelgiji walikuja kupanda kwa upande wa Kongo mwaka wa 1932. Tangu hapo njia ya kwetu inajulikana kwa majina ambayo wazee wa Mutwanga wanayataja bila kufikiri: Mutsora, Kalonge, Mahangu, Kiondo, kisha barafu. Ni njia ya wima kuliko zile za Uganda, inapita kwenye mianzi, kwenye miti yenye ndevu za ukungu, mpaka kwenye lobelia zinazomzidi mtu urefu. Miaka ya 2010 mbuga ya Virunga ilikuwa ikiitangaza safari hiyo kwa watalii.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Vitabu vya zamani vya safari bado vinaeleza njia ya Mutsora kama njia tulivu, isiyo na msongamano, na mtu akisoma akiwa Bruxelles au Kampala anafurahi. Hajui kwamba utulivu wa leo ni wa aina nyingine. Katika sekta ya Ruwenzori, waasi wa ADF wameua watu vijijini na mashambani, zaidi sana wakati wa mavuno ya kakao. Utawala wa kijeshi umewekwa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu mwezi wa tano 2021, na jeshi la Uganda limeingia kusaidiana na FARDC tangu mwezi wa kumi na moja mwaka huo. Kama mkulima anaogopa kwenda kwenye kakao yake iliyo saa moja kwa miguu, mgeni atakaaje siku tano au sita msituni, na nani atamshusha akivunjika mguu?

Wapo wanaojibu kwamba walinzi wenye silaha wanatosha. Jibu hilo limekwisha kupimwa, kwa bei kubwa. Mwezi wa tano 2018, kaskazini mwa Goma, gari la mbuga lenye watalii lilishambuliwa. Mlinzi wa kike wa mbuga aliuawa, Waingereza wawili wakatekwa pamoja na dereva wao kabla ya kuachiliwa, na utalii wa Virunga ukafungwa mpaka mwezi wa pili 2019. Zaidi ya hayo, kila askari anayepanda Kalonge kumlinda mtalii ni askari asiyelinda kijiji. Wanainchi wa Mutwanga wana haki ya kuuliza swali hilo, na hakuna mpenda mlima mwenye jibu zuri.

Kwa hiyo ni Kasese. Nako msafiri asifumbe macho. Mwezi wa sita 2023, shule ya Lhubiriha huko Mpondwe, karibu sana na Kasindi, ilishambuliwa na wanafunzi wengi wakauawa. Mwezi wa kumi mwaka huo, watalii wawili na kiongozi wao Mganda waliuawa katika mbuga ya Queen Elizabeth, ambayo barabara ya Mpondwe kwenda Kasese inaikata. Mtu anayetoka Beni aulize hali ya barabara wiki ileile ya safari, asafiri mchana, na asione aibu kuahirisha. Aende na hati yake ya kusafiria na karte ya chanjo ya homa ya manjano, asije akabishana na watu wa mpakani.

Upande wa Uganda kuna njia mbili zinazotumiwa sana, ya Nyakalengija na ya Kilembe, ule mji wa zamani wa shaba. Zote zinataka wiki nzima au zaidi kwa anayetaka kufika Margherita. Miezi yenye mvua kidogo ni ya kumi na mbili mpaka ya pili, na ya sita mpaka ya nane. Kidogo, maana Ruwenzori haijui kukauka: wapandaji wanatembea na buti za mpira kama watu wanaokwenda kupanda mpunga, na matope yanafika magotini. Anayefikiri kwamba baridi ya Lubero imemzoeza bado hajalala kwenye mita 4,000.

Jambo linaloua wapandaji wenye afya ni haraka. Kupita mita 3,000, mwili unahitaji kulala kila usiku juu kidogo tu kuliko jana yake, mita 500 hivi na si zaidi. Kichwa kikiuma na kuzidi, mtu akitapika, akianza kuyumba au kusema maneno yasiyoshikana, dawa ni kushuka mara moja, hata usiku. Kampuni inayouza safari fupi kwa bei ndogo inauza siku zilizokatwa, na siku zinazokatwa mara nyingi ni zile za kuzoeza mwili. Hapo mtu asitafute makuta ya kuokoa.

Munande atakayefika Kasese atakuta faraja moja ambayo mtalii wa Ulaya hanunui. Viongozi wengi wa huko ni Bakonzo, na Lukonzo na Kinande ni ndugu kiasi kwamba mazungumzo ya njiani hayahitaji mkalimani. Ni watu wale wale, mlima ule ule, Nzururu ile ile ambayo mababu waliipa theluji jina kabla ya malkia yeyote wa Italia. Tofauti ni kwamba ng'ambo ile kijana anapata mshahara kwa kuijua njia, na huku kwetu anayeijua anazeeka bila mwanafunzi.

Hilo ndilo linalopaswa kuisumbua serekali na ICCN sasa, kabla ya amani kurudi. Barafu haingoji. Mwaka wa 1906 ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba, leo haifiki hata moja, na wataalamu wanaona inaweza kwisha ndani ya miaka michache. Njia ikifunguliwa siku moja, huenda mgeni atakuta mwamba mtupu. Mwamba huo bado utafaa kupandwa. Lakini kama hakuna anayejua pa kuvukia mto juu ya Kalonge, hata mwamba hautafikika.

Kongo na Uganda ziko pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na majeshi yao yanashirikiana msituni. Haionekani kwa nini vijana kumi wa Mutwanga wasiweze kupelekwa Kasese msimu mmoja kujifunza kamba, barafu na huduma ya kwanza. Vilevile ICCN inaweza kutangaza waziwazi, kwa Kiswahili na Kinande, kama njia ya Mutsora imefungwa au la, ili mtu wa mbali asidanganywe na kitabu cha zamani. Na viongozi na wapagazi wa zamani waitwe, wahojiwe, majina yao na vituo vyao viandikwe: maji yako wapi, ukungu unashuka saa ngapi, wapi mtu aligeuka akarudi. Kwa hilo la mwisho inatosha daftari, kalamu na siku mbili za kukutana katika kituo cha Mutsora.