Anafundisha kuosha gari, na dawa ni yake: umwamini mpaka wapi?

Video inaanza namna moja karibu kila mara. Gari nyeusi, taa kali, na mwanaume mwenye glovu anayemwaga maji juu ya kapo. Maji yanajikusanya kama shanga na kukimbia chini, halibaki hata tone. Anageukia kamera, anainua chupa. Kwenye etiketi kuna jina la kampuni yake mwenyewe, na chini ya video kuna anwani ya duka. Duka nalo ni lake.

Washawishi wa mitandao wanaofundisha usafi wa magari ni wengi, zaidi Marekani na Uingereza. Lakini video haina mpaka. Kijana anayeosha magari kando ya Ziwa Kivu, Goma ao Bukavu, ao mwenzake wa Butembo na Bunia, akipata mega kidogo usiku anaweza kufuata somo lile lile ambalo mtu wa New York anafuata. Na chupa nazo zinasafiri: mtu akiwa na ndugu Dubai, ao akijuana na mfanyabiashara anayeleta mizigo kupitia Mombasa ao Dar es Salaam, anaweza kuagiza. Swali ni hili: yule mwalimu, anapomwambia mwanafunzi wake «tumia hii», anasema kama fundi ao kama muuzaji?

Kwanza, jambo lenyewe si jipya. Kampuni ya Meguiar's, inayotengeneza nta na polishi za magari, ilianzishwa Marekani mwaka wa 1901. Miaka mingi baadaye, mtu wa ukoo ule, Barry Meguiar, alikuwa akiongoza kipindi cha televisheni kuhusu wapenzi wa magari, Car Crazy. Watu walifurahia magari, na jina la mwongozaji lilikuwa lile lile la kwenye chupa. Leo Larry Kosilla, fundi wa usafi wa magari wa upande wa New York, ana chaneli ya YouTube inayoitwa AMMO NYC, na dawa anazouza zinaitwa AMMO. Kampuni ya Chemical Guys ya California nayo inafundisha kwa video nyingi sana, na inafundisha kwa dawa zake. Hapo hakuna aliyefichwa kitu. Anayeangalia anaona jina, anajua yuko kwa nani.

Juu ya nini wanaingia kwenye kuuza? Hesabu yake ni rahisi. Makuta ya matangazo ya YouTube yanapanda na kushuka, na mwenye chaneli hana la kusema. Komisyo ya kutuma wateja kwenye duka la mtu mwingine ni asilimia ndogo. Lakini chupa yenye jina lako, faida yake karibu yote inarudi kwako. Tena si lazima uwe na kiwanda: kuna viwanda vinavyotengeneza dawa moja na kubandika etiketi ya yeyote anayelipa. Kwa hiyo chupa mbili za majina tofauti, zenye rangi na harufu tofauti, zinaweza kutoka pipa moja. Kwa mwenye chupa hiyo ni biashara halali. Kwa mnunuzi ambaye ameangalia video tano za kulinganisha chupa zile mbili, kumbe alikuwa analinganisha rangi.

Wengi wa hawa mafundi hawasemi uongo, na ni vizuri kulisema hilo wazi. Wanajua kazi. Upendeleo wao unaingia kwa mlango mwingine: wanachagua ni shida gani waonyeshe, na ni jaribio gani lifanyike mbele ya kamera.

Chukua yale maji yanayojikusanya kama shanga. Yanapendeza kuangalia, na njo maana kila muuzaji anayaonyesha. Yanahakikisha nini? Kwamba juu ya rangi kuna kitu kisichopenda maji, basi. Nta ya kawaida ya bei rahisi inafanya vile vile siku ya kwanza. Shanga hazisemi kama dawa itakaa wiki mbili ao mwaka mzima, wala hazisemi kama itazuia mikwaruzo. Isitoshe, zile shanga zikikaukia juani zinaacha chumvi ya maji kwenye rangi, na madoa yake ni magumu kutoa. Kwa mji kama Goma, wenye vumbi la mawe ya volkeno, gari iliyonyeshewa kisha ikasimama juani ni jambo la kila wiki. Sehemu hiyo kamera haiionyeshi sana.

Ao chukua neno «9H». Dawa nyingi za seramiki zinajivunia ugumu wa 9H, na mtu anaposikia hivyo anafikiri gari yake imekuwa jiwe. Ile H inatoka kwenye kalamu za risasi. Ni kipimo cha viwanda vya rangi: wanachukua kalamu za ugumu mbalimbali, wanazikokota juu ya rangi iliyokauka, wanaangalia ni ipi itaacha alama. 9H ni kalamu ngumu kuliko zote kwenye kipimo kile. Haina undugu na kipimo cha mawe ambacho almasi inapata 10. Mchanga wa barabarani ni mgumu kuliko kalamu yoyote, na ule utando wa seramiki ni mwembamba sana, mwembamba kuliko unywele wa kichwa mara nyingi. Lakini namba 9 ikikaa karibu na 10 kichwani mwa mteja, muuzaji hana haja ya kudanganya. Mteja anajidanganya mwenyewe.

Kuna na hili la tatu, nalo njo kubwa kuliko yote. Ile gari nyeusi inayong'aa kama kioo mwishoni mwa video haikung'arishwa na chupa. Kabla ya chupa, fundi alipitisha mashine ya polishi saa nyingi, akaondoa mikwaruzo midogo, akapangusa kwa vitambaa safi. Kazi ya mikono njo ilileta mng'ao, kisha dawa ikawekwa juu ili kuulinda. Video inakata yale masaa na kuyafanya dakika mbili zenye muziki. Mtu akinunua chupa na kuipaka juu ya rangi iliyochoka, anafunika uchovu ule ule.

Sasa, wapo ambao hawaonyeshi kwamba chupa ni yao. Hapo jambo linageuka. Mfano unaojulikana zaidi haukutoka kwa magari, ulitoka kwa michezo ya kompyuta. Trevor Martin na Thomas Cassell walikuwa na wafuasi wengi YouTube, na walirusha video wakishinda kamari kwenye tovuti ya CSGO Lotto, kama vile wameigundua tu. Tovuti ilikuwa yao. Tena kulikuwa na washawishi wengine waliolipwa kati ya dola 2 500 na dola 55 000 ili waitangaze. Mwezi wa tisa 2017, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilimaliza kesi yao kwa amri ya kuwalazimisha kutangaza wazi uhusiano wa namna ile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa FTC kushitaki washawishi wenyewe binafsi.

Tangu hapo sheria zimekazwa. Mwaka wa 2023 FTC ilirekebisha maagizo yake kuhusu watu wanaosifu bidhaa: mwenye faida yoyote, hata ya kupewa bure, aseme, na aseme mahali panapoonekana. Kuanzia mwezi wa kumi 2024, Marekani inakataza pia kampuni kuendesha ukurasa unaojifanya wa kupima bila upendeleo wakati unapima bidhaa zake yenyewe. Ufaransa nayo ilipitisha sheria ya washawishi tarehe 9 mwezi wa sita 2023: anayeficha kwamba amelipwa anaweza kufikia kifungo cha miaka miwili na faini ya euro 300 000. Kongo ina Kodi yake ya mambo ya kidijitali tangu mwezi wa tatu 2023. Lakini mwosha magari wa Bukavu aliyeagiza chupa kwa dola zake, kisha akaona haifanyi kitu, atamshitaki nani? Mwenye video yuko nchi nyingine, aliyeleta chupa ni binamu wa rafiki, na risiti haipo.

Na hata pale sheria inapofuatwa, mambo hayaishi. Mwaka wa 2005 watafiti watatu wa Marekani, Cain, Loewenstein na Moore, walichapisha jaribio moja rahisi. Mtu mmoja anakisia thamani ya sarafu zilizomo ndani ya chupa ya kioo. Mwingine, aliyeiona chupa kwa karibu zaidi, anamshauri, lakini mshauri huyu analipwa zaidi mkisiaji akitaja thamani kubwa. Makundi mengine waliambiwa wazi kwamba mshauri ana faida yake, mengine hawakuambiwa. Matokeo yalishangaza. Mshauri ambaye siri yake ilitangazwa alizidi kupandisha kiasi, sawa na mtu anayesema «nimekwisha kukuonya, sasa ni shauri lako». Na yule aliyeonywa alipunguza kidogo tu, haikutosha. Onyo lilimsaidia mshauri kuliko mshauriwa.

Kwa hiyo kusema «dawa ni yangu» ni heshima, lakini si dawa ya upendeleo. Mtu anaweza kuwa mkweli kuhusu jina na bado asikuonyeshe siku ya tisini.

Wanaojiita wapimaji huru nao wana yao. Wengine wanapokea chupa za bure, wanajua kwamba wakisema vibaya ya pili haitakuja. Wengine hawauzi chochote lakini wanapata komisyo kila mtu anaponunua kupitia anwani yao, na mtu akisikia «usinunue» hanunui, komisyo haipo. Wachache, kama chaneli ya Marekani ya Project Farm, wanajulikana kwa kununua wenyewe vitu wanavyovipima na kuvilinganisha kwa vipimo vinavyoonekana. Hata hao wanapima kwenye hali ya kwao. Barabara ya Sake haimo.

Wasikilizaji wa huku hawahitaji kwenda mbali ili kuona ugonjwa huu. Msanii anayeuza mafuta ya ngozi yenye sura yake, «daktari» wa miti shamba anayeeleza magonjwa kumi na mawili na dawa moja: njia ni ile ile. Redio nazo, hata zile za jamii, zinauza dakika kwa watu kama hao, na msikilizaji asipoambiwa wazi kwamba ni tangazo la kulipiwa, anachukua sauti ile kama ya redio. Tofauti na gari ni kwamba ngozi haipigwi polishi tena.

Turudi kwa mwosha magari, maana kwake kuna vitu viwili vya kupoteza. Cha kwanza ni jina. Akimwambia mteja «dawa hii ya Marekani itakaa mwaka», na baada ya mvua tatu hakuna kitu, mteja hatamlaumu mtu wa YouTube. Atahama, na ataeleza mashofere wenzake kwenye parkingi. Ndiyo maana wenye akili ya kazi hawaanzi na gari la mteja. Wanapaka nusu ya kapo la gari yao ao ya ndugu, nusu ya pili wanaiacha na nta ya kawaida, wanaandika tarehe, wanaacha mvua na vumbi vifanye mtihani. Miezi miwili, mitatu. Jaribio hilo halina muziki na hakuna anayelirusha mtandaoni.

Pia somo lenyewe linabaki zuri hata kama chupa haikununuliwa. Mafundi hawa karibu wote wanarudia jambo moja ambalo halina etiketi: mikwaruzo mingi kwenye rangi inaletwa na anayeosha. Mwagia gari maji mengi kwanza ili vumbi lishuke kabla ya kugusa. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi kwenye gari. Kwa vumbi la volkeno, ambalo linakata kama msasa, hilo peke yake linalinda rangi kuliko chupa nyingi za bei kali. Nani atauza ndoo ya pili?

Cha pili ni mikono, na hapa utani unaisha. Baadhi ya dawa za kusafisha janti zina asidi ya jamii ya floridi. Zinatoa uchafu wa breki haraka sana, na kwenye video zinapendeza: unapuliza, unamwagia maji, janti inarudi mpya. Asidi hizo zinapenya ngozi, na maumivu wakati mwingine yanakuja masaa kadhaa baadaye, kidonda kikiwa kimekwisha kuingia ndani. Anayeuza anaonyesha janti. Maandishi ya hatari yako nyuma ya chupa, kwa herufi ndogo, kwa lugha ambayo mwosha magari huenda haisomi. Na dawa ikihamishwa kwenye chupa ya maji ili wagawane wawili, hata maandishi yale hayapo tena. Chupa isiyo na etiketi, yenye harufu kali, isiguswe bila glovu nzito za mpira, na isitumiwe kando ya ziwa ambako watu wanateka maji. Kwa janti chafu, sabuni na brashi ngumu vinafanya sehemu kubwa ya kazi. Vinachukua dakika kumi zaidi, na mteja anayengoja pembeni hapendi kungoja.