Kabla ya kutugawia buti, tupimeni miguu

Vijana wenzangu, na ninyi kaka na dada wa mashirika mnaopitia maandishi yetu humu, leo naomba tuongee kuhusu visigino. Najua wengine watacheka. Chakula kimepungua, karo ya shule ni shida, kuna watu wanangoja mahojiano miaka na miaka, halafu huyu anatuletea habari ya visigino! Lakini hapa Nakivale kazi ya kujitolea inafanywa kwa miguu. Kutoka Base Camp mpaka vijiji vya Rubondo au Juru, kijana wa kujitolea hana gari, na bodaboda anailipa mwenyewe. Mguu ndo ofisi. Ukikataa, hakuna kazi, na pasipo kazi hakuna posho. (Hapa Uganda posho maana yake ni ugali. Kwetu hesabu inatoka ileile.)

Kilichonifanya niandike ni buti. Shirika moja, sitalitaja jina, lilitugawia buti mpya za kupanda milima. Buti nzuri, usiseme: ngozi nene, soli ya meno, shingo inayopanda juu ya kifundo cha mguu. Tuligawiwa Ijumaa, tukapigwa picha, na Jumatatu tukaambiwa tuzivae kwenye zoezi la nyumba kwa nyumba la siku tano. Namba zilizokuja ni 43, 44 na 45 basi. Dada zetu wanaovaa 38 walijaza matambara mbele. Kufika Jumatano wengi wetu tulikuwa tunachechemea kama wazee, na mama mmoja tunayefanya naye kazi akasema kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, "Hii botini iko inaniuwa." Msimamizi akamjibu, "Utazoea."

Hilo neno "utazoea" ndilo nataka kupambana nalo.

Kwanza niseme wazi, mtu asije akasema hatuna shukrani. Buti tunazihitaji. Mvua ikianza huku njia zinakuwa sabuni, kuna miiba, kuna nyoka kwenye majani, na anayesema turudi kwenye ndara simuungi mkono. Ubaya hauko kwenye kiatu peke yake. Uko kwenye kumchukua mtu ambaye miaka yote ametembea na sandali za tairi, zile wenyeji wanaita lugabire, kisigino kiko wazi kabisa, halafu siku moja unamfunga kiatu kigumu kama ubao na kumwambia apande mlima.

Hebu tuelewe kinachouma ni nini. Shika nyuma ya mguu wako, juu kidogo ya kisigino. Kuna kitu kigumu kama kamba nene. Hiyo ni kano, wanaiita kano ya Achilles, na ndiyo nene na yenye nguvu kuliko kano zote mwilini. Inaunganisha nyama za shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Kila hatua unayopiga, hiyo kamba ndiyo inakuinua. Tatizo lake ni moja: damu inaifikia kidogo, hasa pale sentimita chache juu ya kisigino, kwa hiyo ikiumia inapona polepole sana. Ngozi iliyochubuka inaweza kupona kwa wiki. Kano inaweza kukusumbua miezi.

Sasa buti mpya inafanya nini? Sehemu yake ya nyuma ni ngumu, imetengenezwa ishike kisigino kisicheze. Kama namba ni yako na ngozi imeshalainika, ni sawa. Kama kiatu ni kikubwa, kisigino kinapanda na kushuka ndani yake kila hatua, kinasuguliwa. Kama shingo ya kiatu imefungwa kwa nguvu, ukingo wake unaibana kano kila unapokunja mguu kupanda mlima. Kati ya kano na mfupa kuna kifuko kidogo chenye majimaji, nacho kinavimba. Ukipata lengelenge unaanza kukanyaga upande ili usiguse kidonda, na hapo goti na kiuno navyo vinaingia kwenye kesi. Tena kuna uzito. Watafiti wa jeshi la Marekani walipima zamani wakaona kilo moja ukiibeba miguuni inakuchosha mara nne na zaidi kuliko kilo ileile ukiibeba mgongoni. Mtu aliyezoea sandali nyepesi haoni hilo dukani. Analiona saa nane mchana, Rubondo.

Na hizo namba, wenzetu wa ofisini, sio mchezo. Kwa vipimo vya Ulaya namba moja hadi nyingine ni karibu milimita 7. Ukimpa mtu wa 42 kiatu cha 44 umemwongezea zaidi ya sentimita nzima ya kucheza ndani. Mtu wa 38 ukimpa 43, umempa mtumbwi.

Yule mama niliyemtaja hakwenda kupumzika. Siku usiyotokea hailipwi, na ana watoto watatu. Akaenda duka la dawa akanunua diklofenaki, akameza asubuhi bila kula, akatembea. Siku ya pili hivyohivyo. Hapa ndipo hasira yangu iko. Dawa ya kutuliza maumivu haiponyi kano, inanyamazisha tu mtu anayekuambia simama. Na kuimeza kila siku tumbo likiwa tupu ni kutafuta vidonda vya tumbo, bila kusahau figo. Sasa hivi watu wangapi kambini wanakula mara mbili kwa siku?

Kuna dawa nyingine watu wengi hawajui habari yake: siprofloksasini, sipro tunayoizoea. Huku mtu akiumwa tumbo au mkojo anaenda dukani kununua sipro kama ananunua chumvi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa za kundi hilo ziandikwe onyo kali kabisa, kwa sababu zinaweza kuleta uvimbe wa kano na hata kuikata, hasa hiyo ya kisigino. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za aina ya prednisoloni. Sisemi usimeze sipro uliyoandikiwa na daktari, inaokoa watu. Nasema ukiwa unaimeza na kisigino kikaanza kuuma, rudi kwa aliyekupa umwambie siku hiyohiyo. Na usikubali mtu wa mtaani akuchome sindano kwenye kano yenyewe ati maumivu yatakwisha. Sindano za aina hiyo zinaweza kuidhoofisha mpaka ikatike.

Kukatika kwenyewe kunajulikana. Mtu anasikia "paa!", anageuka kutazama nani kampiga teke, kumbe hakuna mtu. Hawezi tena kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo. Mlaze kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, bonyeza shavu la mguu: mguu mzima unajisogeza wenyewe kidogo, uliokatika unabaki kimya. Huyo hasubiri kesho, apelekwe kituo cha afya wamtumie Mbarara.

Wengi wetu hatujafika huko, tuna maumivu ya kawaida ya asubuhi, ukitoka kitandani unatembea kama unakanyaga misumari, ukishapata joto yanapungua. Ukiuma chini ya kisigino hiyo ni habari nyingine, nyuma ndiyo kano. Kwa hii ya nyuma, punguza mwendo, usiache kabisa. Legeza kamba za juu za buti, acha tundu la mwisho wazi. Kata kipande cha ndara iliyochakaa, unene wa sentimita moja hivi, weka chini ya kisigino ndani ya viatu vyote viwili. Vyote viwili, sio kimoja, usije ukatembea umeinama upande. Halafu mazoezi. Daktari wa Sweden anayeitwa Håkan Alfredson alitoa mwaka 1998 utaratibu ambao mpaka leo unatumika duniani kote na hauna gharama: unasimama kwenye ngazi kwa mbele ya miguu, unajiinua kwa mguu mzima, unahamishia uzito kwenye unaouma, unashuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, raundi tatu, asubuhi na jioni, wiki 12. Kama panapouma ni palepale kano inapoingia kwenye mfupa, fanya chini kwenye usawa, usikishushe kisigino. Ngazi hatuna nyingi huku, ila kila kanisa lina moja mlangoni, na jiwe bapa linatosha. Wiki 12 ni ndefu, najua. Tumengoja mambo marefu kuliko hayo.

Sasa ninyi wa mashirika. Nimeshasikia jibu la bajeti: buti huletwa kwa maboksi, ni za msaada, namba hatuchagui. Sawa. Lakini kuuliza namba za watu kabla ya kuagiza hakugharimu kitu, na zikija zisizotufaa, afadhali ziuzwe au zibadilishwe sokoni kuliko kutuvalisha kwa ajili ya picha. Mkitugawia, tupeni wiki mbili tuzivae nyumbani, saa moja, saa mbili, tukienda kuchota maji, kabla ya zoezi refu. Msifanye buti kuwa sharti la kuandikwa kwenye orodha ya siku hiyo. Na kubwa kuliko yote: mtu akiumia mguu akifanya kazi yenu, siku zake za kupumzika zihesabiwe. Afisa wenu aliyeajiriwa akiumwa anapewa ruhusa na mshahara unaingia. Sisi tunaitwa "wa kujitolea", lakini ripoti mnazopeleka juu zinajazwa na nyayo zetu. Nasikia wengine wanasema tukidai hivyo tutanyang'anywa hata hiki kidogo. Labda. Lakini yule mama bado anachechemea, na zoezi la chanjo linakuja.

Na sisi wenyewe tuache kuchekana. Kijana akisema mguu unauma anaitwa mlegevu, mtoto wa mjini. Huko ndiko watu wanajifunza kuficha.

Kwenye kikundi chetu tumeshaanza. Kila mtu anakanyaga karatasi saa kumi jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa shughuli za siku, mwenzake anachora kuzunguka, tunapima toka kisigino mpaka kidole kirefu na kuongeza upana wa kidole gumba. Miguu yote miwili, maana mingi hailingani. Orodha ina majina na sentimita, iko kwa katibu. Shirika lolote linalotaka kuleta viatu kabla ya mvua, liiombe.