Nani Mwenye Amri Langoni?

Jioni ya tarehe 7 Machi 2025 viongozi wa Simba walilalamika kwamba timu yao imezuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, wakawalaumu walinzi wa Yanga. Kesho yake mchezo uliahirishwa. Ulichezwa tarehe 25 Juni.

Huko Tarime na Serengeti mlinzi wa lango ni askari polisi, na kiongozi anayebishana naye aghalabu ni mwalimu au mtumishi wa Serikali. Wakisukumana, kila mmoja huondoka na maelezo yake. Tarime imo katika Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime/Rorya, ilhali Serengeti iko chini ya kamanda aliyeko Musoma. Basi kiongozi kutoka Mugumu akidai kupigwa Tarime, hana budi kumshitaki askari kwa wakuu wa askari huyo huyo.

Hatumtetei kiongozi anayefanya cheo chake kuwa tiketi ya jamaa zake. Wa namna hiyo wapo, na wanafahamika. Lakini askari apewe mapema orodha ya wanaoruhusiwa kupita, iliyotiwa sahihi na chama cha mpira cha wilaya pamoja na mkuu wa kituo. Akiwa nayo mkononi, hana sababu ya kumkunja mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Ugomvi ukizuka hata hivyo, kamisaa wa mchezo aandike maelezo ya pande zote mbili usiku ule ule, na nakala ipelekwe kwa Mkuu wa Wilaya.