Aibu ya Kumwendea Tabibu wa Nafsi

Mzee mmoja katika wazazi wa wanafunzi wetu alitujia mwezi uliopita baada ya sala ya Alasiri, akakaa kitako barazani, akawa azungusha bakora yake mkononi wala haneni. Tulidhani amekuja kwa habari ya ada. Kumbe ana kijana wake huko Marekani, katika jimbo la Ohio, ambaye mchana asoma chuoni na usiku afanya kazi ghalani. Kijana huyo yapata miezi minne sasa hapati usingizi, chakula hula kidogo mno, na akipigiwa simu na mamake hulia pasina sababu aijuayo. Rafiki yake, Mwislamu wa kuko huko katika Wamarekani weusi, amemshauri aende kwa tabibu wa nafsi, yaani yule mwenye kumtibu mgonjwa kwa mazungumzo, juma baada ya juma, mpaka fundo lifunguke. Mzee akatuuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mwanangu amekuwa mwendawazimu? Na watu wakijua, nani atamwoza?"

Twakiri kwamba jibu letu la kwanza halikuwa jibu. Tulimwambia amhimize kijana asome Qur'ani na azidishe dua. Maneno hayo ni ya haki, walakini tuliyasema ili tulikimbie swali. Usiku tukajilaumu, kwani kijana yule lau angalivunjika mguu, tusingalimwambia babake amzuie kwenda hospitali.

Na jambo lililotushangaza zaidi ni kuwa yule rafiki mwenyewe aliyetoa nasaha alikwenda kwa tabibu mwaka mzima kwa siri, hata mamake asijue. Basi tukataka kufahamu: imekuwaje watu waliozaliwa katika nchi yenye mahospitali makubwa namna ile waone haya kuingia mlangoni? Tulidhani ni kiburi. Tulipozisoma habari zao tuliona tumewadhulumu.

Mwaka 1851, zama za utumwa, daktari mmoja wa kizungu wa Louisiana aitwaye Samuel Cartwright aliandika kwamba mtumwa mwenye kumtoroka bwana wake ana maradhi ya akili. Akayabunia maradhi hayo jina, drapetomania, na katika tiba yake akataja mijeledi. Tazama, ndugu msomaji! Mtu kutamani uhuru wake kukaitwa wazimu. Mwaka 1911 jimbo la Maryland lilifungua huko Crownsville hospitali ya wendawazimu weusi, na wagonjwa wake wa kwanza ndio waliotiwa kazini kufyeka msitu na kusaidia kuijenga. Katika miaka ya 1950 ilisongamana watu zaidi ya 2,000, watoto nao wamo. Haikufungwa mpaka 2004. Tena tangu 1932 hata 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, maofisa wa afya wa serikali waliwaangalia tu wanaume weusi 399 wenye kaswende pasi na kuwatibu, wakiwaambia kuwa wana damu mbaya, hali penisilini ilikwisha julikana kuwa ndiyo dawa yake tangu miaka ya 1940. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997, na wengi wa wenye kuombwa walikuwa makaburini.

Basi mama mweusi aliyelelewa na bibi mwenye kuyakumbuka hayo, akimkanya mwanawe asipeleke mambo ya nyumbani kwa mtu wa nje, hana ujinga. Bibi alijua kuwa neno moja katika daftari la daktari laweza kumfungia mtu miaka. Msiba ni kuwa onyo lililomlinda bibi sasa lamzuilia mjukuu dawa yake. Na wenye kuongoza dini, makanisani na misikitini, aghlabu wameuongeza mzigo kwa kusema kuwa huzuni ni upungufu wa imani. Nasi tulivyomjibu mzee yule hatukuwa mbali na hao.

Walakini wako waliotafuta njia. Mwaka 1946, katika mtaa wa Harlem, New York, ilifunguliwa zahanati ndogo iliyoitwa Lafargue, ndani ya vyumba vya chini vya kanisa la St. Philip's. Aliyeisimamia ni daktari Fredric Wertham, na mwandishi mweusi Richard Wright alikuwa katika waliohangaika mpaka ikasimama. Madaktari walikuja jioni mbili kwa juma, bila mshahara. Mgonjwa alilipa senti 25, na asiyekuwa nazo hakurudishwa. Watu wakaijaza. Sisi twaona kuwa mahali penyewe palikuwa nusu ya dawa: mtu aliteremka ngazi za jengo alijualo tangu utoto, katika mtaa wake, na aliyemwona akiingia hakuwa na la kumshuku. Iliendelea hata mwisho wa miaka ya 1950.

Siku hizi kazi hiyo wameishika hata vinyozi. Huko Little Rock, katika jimbo la Arkansas, lilianza jambo la kuwafundisha vinyozi weusi namna ya kumsikiliza mteja mwenye dhiki, na kumwelekeza kwa tabibu. Tulicheka kidogo tulipoyasoma hayo. Kisha tukakumbuka kuwa kinyozi wetu hapa mtaani husikia mengi kuliko kadhi.

Na kuhusu matabibu, uchache ni mkubwa. Mwaka 2015 katika kila wanasaikolojia 100 wa Marekani waliokuwa weusi ni kama 4 tu, ilhali weusi katika watu wote ni kama 13 katika 100. Mtu aweza kutafuta muda mrefu asimpate wa kumwelewa bila kwanza kumfundisha maisha yake.

Yuko mama mmoja ambaye habari yake tulimhadithia mzee, kwani ni ya mzazi kwa mzazi. Naye ni Bebe Moore Campbell, mwandishi wa vitabu, ambaye binti yake alipatwa na maradhi ya akili. Mwanzo alinyamaza kwa aibu. Baadaye akasema mbele za watu, akawakusanya wazazi wenzake wa Los Angeles wapate kusaidiana. Alifariki 2006, na mwaka 2008 Baraza la Wawakilishi la nchi yake liliutambua mwezi wa Julai kwa jina lake. Wahenga wetu walikwisha sema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Mzee alisikiliza yote, kisha akauliza la pili: fedha je? Tukamwambia vyuo vingi vya huko vina washauri wa nafsi kwa wanafunzi, na mara nyingi hawalipishi. Kijana aulize chuoni kwake, tena aulize siri yake itahifadhiwa vipi, maana hiyo ni haki yake. Na siku yoyote akitamka kuwa amechoka kuishi, asingojewe mpaka kesho: tangu Julai 2022 nchi nzima ya Marekani hupiga 988, usiku na mchana. Dua na Qur'ani asiziache. Haziugombi mlango wa tabibu.

Mzee akatoa simu mfukoni, akatupa sisi tumtafutie jina la mwanawe, kwani macho yake hayaoni tena maandishi madogo.